Raspberry Pi imegoma kuwaka: soma dalili kabla hujailaumu kerneli

"Pi yangu kerneli imekufa." Hayo ndo malalamiko ya wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Ukimuuliza mtu umejuaje anakwambia skrini nyeusi, au kaona neno kernel mahali, kumbe kachomeka chaja ya simu ya zamani na waya mwembamba wa mita mbili, kerneli haijafikiwa hata. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, iko mbali kwenye foleni ya kuwaka na kabla yake kuna vitu kibao vinavyoweza kugoma, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua imekwamia hatua gani, ukishajua hilo sababu zinabaki mbili tatu tu.

Foleni yenyewe iko hivi. Ukiwasha umeme kinachoamka kwanza kwenye Pi sio prosesa ya ARM, ni upande wa picha, VideoCore, huyo ndo anayetafuta kadi ya SD yenye mfumo. Pi 3 kurudi nyuma anasoma faili la bootcode.bin kwenye kadi, Pi 4 na Pi 5 hiyo kazi imehamia kwenye chipu ndogo ya EEPROM iliyo juu ya bodi. Halafu inakuja start.elf (kwenye Pi 4 inaitwa start4.elf, Pi 5 hailihitaji faili hili kabisa), inasomwa config.txt, inasomwa cmdline.txt, linachukuliwa faili la .dtb linaloieleza kerneli bodi hii ina nini na nini, hapo ndo kerneli inapakiwa na ARM inaamshwa. Kerneli nayo inatafuta patisheni (kipande) ya pili ya kadi, ile yenye mfumo wenyewe iliyofomatiwa ext4, ikiifungua inaita init, programu ya kwanza ya mfumo, na mengine yanaendelea.

Twende dalili kwa dalili, kuanzia bodi iliyokufa kabisa.

Taa nyekundu haiwaki, au inawaka na kuzima zima

Hapa ni umeme, usipoteze muda kuflashi (kuandika upya) kadi. Pi 3 inataka 2.5A, Pi 4 inataka 3A, Pi 5 imetengenezewa chaja ya 5.1V yenye 5A. Chaja kuandikwa 3A haimaanishi 3A zinafika kwenye bodi, waya mwembamba au mrefu unakula volteji njiani na Pi ikiona imeshuka chini ya kama 4.63V inaanza kulalamika, ile alama ya radi ya njano kwenye kona ya skrini ndo hiyo. Kwa hiyo badilisha waya kwanza, chaja baadaye, na usiichomeke kwenye USB ya laptopu au ya tivii ukategemea maajabu. Toa kila kitu kilichochomekwa, hadi kibodi, toa na bodi yoyote iliyopanda juu ya pini, bakiza umeme tu uone.

Kama inawaka kwa kubahatisha, siku ikiwaka fungua terminal piga hii:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0 umeme uko safi. Ikijibu 0x50000 maana yake umeme ulishuka wakati fulani tangu iwake, 0x50005 umeshuka hata sasa hivi unapoangalia. Mtu mwenye 0x50005 anayeniuliza kuhusu kerneli namrudisha kwenye chaja, sibishani.

Kuna mtego wa Pi 4 za mwanzo za 2019: sehemu ya USB-C ilikosewa kwenye mchoro, ukitumia zile waya nene za kisasa za laptopu zenye chipu ndani, chaja inadhani imechomekewa spika au hedifoni na inagoma kutoa umeme. Waya wa USB-C wa kawaida usio na chipu unamaliza tatizo. Na wenye Pi 5 msishtuke, hiyo ina taa moja tu, ikiwa nyekundu tupu maana yake umeme upo ila mashine imezimwa, bonyeza kitufe cha pembeni.

SIMAMA HAPA kama umebadilisha chaja na waya, umetoa kila kitu, na bado hakuna taa. Gusa karibu na tundu la umeme, ikiwa inachoma ndani ya sekunde chache chomoa na usirudie. Ukiwa na mita pima pini namba 2 na namba 6, iwepo 5V, afu pima pini namba 1 na namba 6, iwepo 3.3V. Kama 5V ipo na 3.3V haipo, chipu inayogawa umeme imekwenda au kuna shoti, na mara nyingi ni mtu alichomeka waya vibaya kwenye pini 5V ikagusana na 3.3V. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye bloa na hadubini, na akikutajia bei ilinganishe na bei ya bodi mpya kabla hujakubali.

Nyekundu ipo, kijani haichezi kabisa, skrini nyeusi

Sababu inayoongoza ni kadi ambayo haijaandikwa sawasawa. Kuna watu wanadaunilodi faili la .img au .zip wanalikopi ndani ya kadi kama wimbo, hiyo haiwaki mpaka mwisho wa dunia, lazima iandikwe na programu kama Raspberry Pi Imager au balenaEtcher. Pili, kadi haijaingia vizuri, itoe uirudishe. Tatu, kadi feki, imeandikwa 64GB ndani ina 8, ukiandika inakubali kila kitu ila vilivyozidi vinapotelea hewani. Kwenye Linux programu ya f3 inaigundua, kwenye Windows h2testw, na ukinunua kadi za kumwaga mezani pima kabla hujaweka kitu cha maana.

Kwa Pi 4 na Pi 5 kuna kipimo kizuri ambacho watu hawakitumii: toa kadi kabisa, chomeka skrini, washa. Kama bodi ni nzima itakuletea ukurasa wa maandishi unaosema haijaona kadi, na hapo ushajua bodi, EEPROM, na HDMI vyote vizima, tatizo ni kadi. Ukiwa na Pi 4 tumia tundu la HDMI lililo karibu na tundu la umeme, hilo lingine wakati wa kuwaka linaweza kukaa kimya ukadhani mashine imekufa. Na washa skrini kabla ya Pi.

Usipoona huo ukurasa, huenda EEPROM imevurugika. Chukua kadi nyingine yoyote hata ndogo, fungua Raspberry Pi Imager, kwenye orodha ya mifumo shuka mpaka sehemu ya vifaa vya ziada utakuta Bootloader, andika, chomeka kwenye Pi, washa. Ikifaulu skrini nzima inakuwa ya kijani na taa ya kijani inakonyeza haraka haraka bila kukoma. Chomoa, rudisha kadi yako.

Kijani inakonyeza kwa hesabu, inapumzika, inarudia

Hiyo ni lugha, ihesabu. Mara 4 fupi, start.elf haipo. Mara 7, kerneli haijaonekana, yaani faili halipo au config.txt inaita jina lisilokuwepo. Ndefu 2 na fupi 1, patisheni ya kwanza sio FAT, hapo mtu kaifomati NTFS au exFAT kwa kujiamini. Zote hizo dawa ni kuandika kadi upya au kurudisha faili lililopotea. Mara 8 ni RAM imegoma, jaribu chaja nyingine na kadi nyingine mara moja, ikirudi 8 bodi imekwisha, hamna amri ya kuandika itakayoiponya.

Imeganda kwenye rangi za upinde wa mvua

Hapa sasa tumeikaribia kerneli. Ile picha ya rangi rangi inawekwa na fimwea, yaani programu za mwanzo kabla ya kerneli, ikishamaliza kazi yake, kwa hiyo ukiiona ujue umeme kiasi upo, kadi inasomeka, na kinachofuata kilikuwa ni kerneli ila haikuja. Nimezipanga sababu kuanzia ile ninayokutana nayo zaidi.

Kadi ya zamani kwenye bodi mpya. Mtu alikuwa na Pi 3, kanunua Pi 4 au 5, kahamisha kadi ileile. Pi 4 inataka mfumo wa Buster wa 2019 kuja juu, Pi 5 inataka Bookworm wa 2023 kuja juu, chini ya hapo hakuna kerneli wala .dtb inayoijua hiyo bodi. Andika mfumo mpya, data zako zikopi kutoka kadi ya zamani ukitumia kadi rida.

Apdeti iliyokatwa na umeme. Hii kwetu ndo yenyewe, apt (programu ya kuapdeti) iko katikati inaandika kerneli, umeme huo umeondoka, faili limebaki nusu. Ndugu yake ni patisheni ya buti kujaa, za zamani zilikuwa na 256MB tu, sasa hivi 512MB, ikijaa kerneli mpya inaandikwa nusu na ujumbe wa kuwa hakuna nafasi unapita kwenye skrini hakuna aliyeusoma. Dawa ni hii: chomeka kadi kwenye kompyuta, patisheni ndogo inayofunguka inaitwa bootfs. Angalia kerneli ya bodi yako ipo na sio baiti sifuri:

kernel.img ni ya Pi 1 na Zero ya kwanza
kernel7.img ni ya Pi 2 na 3 kwa biti 32
kernel7l.img ni ya Pi 4 kwa biti 32
kernel8.img ni ya biti 64
kernel_2712.img ni ya Pi 5

Andika kadi nyingine kwa toleo lilelile la mfumo, kopi mafaili yote ya bootfs yake uyalete huku, ISIPOKUWA cmdline.txt na config.txt. Nasisitiza hiyo cmdline.txt kwa sababu ndani yake kuna namba ya patisheni ya kadi yake yenyewe, ukiibeba umejitengenezea kernel panic (kerneli kukata tamaa na kusimama) ambayo haikuwepo. Ikiwaka unaweza kukuta waifai haipo au vifaa vingine havionekani, usishangae, kerneli uliyoleta imepishana toleo na modyuli (vipande vya kerneli vya kuendesha vifaa) zilizo ndani ya /lib/modules. Ipe intaneti kwa waya wa LAN kisha, kwa Bookworm ya biti 64:

sudo apt install --reinstall raspi-firmware linux-image-rpi-v8

Pi 5 malizia na linux-image-rpi-2712 badala yake.

Mengine ni ya kujitakia. Ulipandisha spidi kwa arm_freq na over_voltage kwenye config.txt ukaona jana imekubali, leo joto limepanda imegoma, futa hiyo mistari. Uliweka humo dtoverlay (mstari wa kuwasha kifaa cha ziada) ya skrini au kifaa ambacho huna tena, weka alama ya # mbele ya mstari, jaribu. Na kama unajijengea kerneli mwenyewe, tafadhali usiiandike juu ya iliyopo, ipe jina lako mfano kernel-yangu.img na kwenye config.txt weka kernel=kernel-yangu.img, ikigoma unafuta mstari mmoja unarudi ulikotoka. Na kumbuka .dtb na folda la overlays vinasafiri pamoja na kerneli yake.

Halafu kuna wale ambao rangi zinapita, inakuja nyeusi, wanasema imekufa. Iping kwanza kutoka simu au kompyuta nyingine, inawezekana iko hai na SSH (kuingia kwa mtandao) inafanya kazi, ni skrini tu haijapatana nayo. Ikiwa haijibu, fungua cmdline.txt ufute maneno quiet na splash, utaanza kuona maandishi yanakwenda na pale yanaposimama ndo jibu lako lilipo.

Kernel panic: Unable to mount root fs

Hii ndo inayopigwa picha sana. Mstari wa muhimu ni huu:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(179,2)

Angalia namba za kwenye mabano. 179 ni jamii ya kadi za SD, 2 ni patisheni ya pili. Ukiona 179,2 kerneli imeiona kadi na patisheni, imeshindwa kuifungua, yaani mafaili yamevurugika. Ukiona 0,0 kerneli haijui hata iangalie wapi. Na kama badala ya panic inakaa tu imeandika Waiting for root device, inasubiri patisheni ambayo haitakuja.

Kwa 0,0 na hiyo ya kusubiri, anza na cmdline.txt. Faili zima ni mstari MMOJA, ukibonyeza Enter katikati umeliua. Afu linganisha root=PARTUUID= iliyoandikwa humo na namba halisi ya patisheni, chomeka kadi kwenye mashine ya Linux piga sudo blkid. Walioklon kadi au walioigawa patisheni upya ndo wateja wa hapa. Huna Linux? Tumia Pi yenyewe, weka kadi nyingine nzima, ile mgonjwa ichomeke kwa kadi rida ya USB, itaonekana kama sda. Ila kadi mbili zilizoklonwa usizichomeke pamoja, namba zinafanana na mashine inaweza kufungua ile usiyoitaka.

Kwa 179,2 dawa ni fsck, programu ya kurekebisha mafaili, lakini subiri. Kama humo ndani kuna kitu ambacho huna kopi yake, hesabu za duka, maksi za wanafunzi, picha, kopi kadi nzima KWANZA kwenda kwenye faili kwa ddrescue, kwa sababu fsck inarekebisha kwa kukata na kadi inayokufa inaweza isirudi mara ya pili. Ukishakopi, hakikisha kwa lsblk kwamba kweli ni sda, kisha:

sudo fsck.vfat -a /dev/sda1
sudo e2fsck -f -y /dev/sda2

Windows nayo ina tabia moja mbaya, ukichomeka kadi ya Pi inaleta kiboksi inakuomba ufomati diski kabla ya kuitumia. Inaizungumzia patisheni ya pili ambayo haijui kuisoma, sio kwamba imeharibika. Bonyeza Cancel, kila mara, hata akiwa anatumia mdogo wako mwambie hivyohivyo.

Ukirekebisha, inawaka, kesho yake panic ileile, kadi imechoka. Dalili ya wazi kabisa ya kadi iliyokwisha ni unafuta faili, unachomoa, unachomeka, faili limerudi. Kadi imejifunga haiandikiki tena, hata ukiflashi itakwambia imefaulu na mfumo wa zamani utaukuta humohumo. Kopi vyako, itupe. SIMAMA pia kama ddrescue inakwama au kadi inapotea na kurudi huku data ni za thamani, kila unavyoendelea kuisoma unazidi kuimaliza, mpelekee fundi wa kuokoa data ikiwa bado inapumua.

Sehemu za umeme wa kukatika katika, kama Pi kazi yake ni kuonyesha skrini au kuhudumia masomo na haiandiki kitu, ingia raspi-config, kwenye Performance Options washa Overlay File System. Kadi inakuwa ya kusomwa tu na umeme ukatike utakavyo.

Kerneli imewaka, imegoma baadaye

Ukiona Failed to execute /sbin/init (error -8), umechanganya biti, kerneli ya 32 na mfumo wa 64, kwa hiyo angalia arm_64bit na kernel= kwenye config.txt. Ukiona No working init found, patisheni imefunguka ila ndani hamna mfumo, fsck inaweza kuwa imehamishia vitu kwenye lost+found, andika upya.

Ukiona emergency mode halafu inasema akaunti ya root imefungwa, karibu kila mara ni /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kufungua, uliongeza diski ya nje leo haijachomekwa. Kadi kwenye Linux nyingine, fungua hilo faili, mstari wa hiyo diski ongeza nofail. Huna mashine nyingine ya Linux basi mwishoni mwa cmdline.txt, mstari uleule, ongeza init=/bin/sh, washa, na kibodi ikikubali piga:

mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab
sync

Chomoa, rudi ufute init=/bin/sh.

Inawaka kwa kadi, kwa SSD ya USB haitaki

Kwanza umeme tena. Pi 4 inagawa 1.2A kwa USB zote, Pi 5 ikiwa na chaja ya chini ya 5A inabana USB hadi 600mA na kwa SSD nyingi hiyo haitoshi. Pili ni kile kiboksi cha SATA kwenda USB, baadhi ya chipu zake, za JMicron hasa, hazielewani na njia ya haraka inayoitwa UAS. Piga lsusb upate namba ya kifaa, mfano 152d:0578, kisha mwanzoni mwa cmdline.txt weka usb-storage.quirks=152d:0578:u kwa namba yako wewe. Spidi itapungua kidogo, itawaka.

Hakuna kinachoonekana popote

Ndo unafikia waya wa siriali, wa kusoma maandishi ya Pi kwenye kompyuta nyingine. Weka enable_uart=1 kwenye config.txt, kwenye cmdline.txt kuwe na console=serial0,115200, adapta ya USB ya TTL: GND kwenda pini 6, RX ya adapta kwenda pini 8, TX ya adapta kwenda pini 10, spidi 115200 kwenye PuTTY au minicom. Pi 5 ina tundu lake dogo la pini tatu katikati ya HDMI mbili. Adapta LAZIMA iwe ya 3.3V, zile zenye swichi hakikisha imekaa 3.3 kabla ya kugusa, 5V kwenye pini hizo inaunguza prosesa. Waya mwekundu wa adapta usiuchomeke popote, Pi inatumia chaja yake. Maandishi yakitoka kopi yote tangu mwanzo, sio mstari wa mwisho peke yake, maana panic ni matokeo na chanzo kawaida kimetajwa mistari kumi au ishirini juu yake, na ndiyo utakayoombwa ukimpelekea mtu mwingine aiangalie.